Namba ya Tarakimu 21: Kauli ya Mersenne, Ubao wa Cole na Lugha Yetu ya Hesabu

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana humu na makala kuhusu ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundishia. Mara hii tumekusudia kuandika historia ya namba moja tu. Namba yenyewe ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Tunafahamu kwamba wengi wetu tulioingia katika taaluma ya lugha tuliingia huku tukiliangalia somo la hesabu kwa jicho la pembeni. Hata hivyo tunawaomba wenzetu wasiufunge ukurasa huu mapema. Historia ya namba hii inatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, ni historia ya kauli ya mtu mashuhuri iliyonakiliwa kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka 200, ilhali haikuwa kweli. Pili, inatufundisha kwamba kujua kuwa jambo fulani lipo ni tofauti na kulijua jambo lenyewe. Tatu, inaipima lugha tunayoifundisha: je, Kiswahili kina maneno ya kuisimulia habari hii bila kuazima kila hatua? Na je, mwanafunzi wa Kampala, wa Bujumbura na wa Bukavu wakiisoma namba hiyo kwa sauti, watasema kitu kimoja?

Chimbuko: kuongeza maradufu

Wengi wetu tunakijua kisa cha mvumbuzi wa sataranji. Kisa hicho kilisimuliwa na Ibn Khallikan, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 13, na wengine kabla na baada yake. Mfalme alimwambia mvumbuzi achague zawadi. Naye akaomba ngano: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, nane kwa ya nne, na kuendelea hivyo kila nyumba maradufu ya iliyotangulia, hadi nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo mno. Wahasibu wake walipopiga hesabu, ikadhihirika kwamba ghala zote za ufalme haziwezi kulilipa. Jumla ya punje zote ni 18,446,744,073,709,551,615.

Jumla hiyo ina sifa moja ya kuangaliwa. Tukiandika 2 mara 64 na kuzizidisha zote pamoja, kisha tukatoa 1, tunapata jumla hiyohiyo. Wanahisabati husema ni 2 kwa kipeo cha 64, kutoa 1. Ndivyo ilivyo kwa ubao wowote: nyumba tatu zina jumla ya punje 7, nyumba tano punje 31, nyumba saba punje 127. Namba yetu ya tarakimu 21 ndiyo jumla ambayo mfalme angedaiwa endapo ubao wa sataranji ungekuwa na nyumba 67. Kwa maneno mengine, ni 2 kwa kipeo cha 67, kutoa 1. Kwa ufupi wataalamu huiita M67, na herufi M inatokana na jina la Mersenne, ambaye tutakutana naye hivi punde.

Swali lililowashughulisha watu ni hili: je, namba za aina hii ni tasa? Namba tasa ni ile ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 7 ni tasa, 31 ni tasa, 127 ni tasa. Lakini 15, yaani jumla ya nyumba nne, si tasa kwa kuwa ni 3 mara 5. Ni rahisi kuthibitisha kwamba kama kipeo chenyewe si tasa, basi na matokeo hayawezi kuwa tasa. Kwa hiyo ile jumla ya nyumba 64 haikuwa na matumaini tangu mwanzo. Wengi wakadhani kwamba kinyume chake ni kweli pia, kwamba kila kipeo tasa kitaleta namba tasa. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba sivyo: kipeo 11 ni tasa, lakini matokeo yake, 2,047, ni 23 mara 89.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lilihangaikiwa hata kabla ya karne hizo. Sababu inarudi nyuma hadi kwa Euclid, aliyefundisha Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Wayunani wa kale walizipenda namba ambazo vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba hiyohiyo. Mfano ni 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, na 28, ambayo ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Tuziite namba timilifu. Euclid alithibitisha kwamba kila unapopata namba tasa ya aina ya 3, 7, 31 na 127, unaweza kuitumia kutengeneza namba timilifu. Basi aliyetafuta namba timilifu alilazimika kuzitafuta kwanza hizi tasa.

Kauli ya Mersenne

Marin Mersenne alizaliwa Ufaransa mwaka 1588 na kufariki mwaka 1648. Alikuwa mtawa wa shirika la Waminimu mjini Paris. Enzi hizo hapakuwa na majarida ya kisayansi, na kwa kiasi kikubwa Mersenne ndiye aliyefanya kazi ya jarida: aliandikiana barua na Descartes, Fermat, Galileo na wengine wengi, akipeleka maswali ya huyu kwa yule na kurudisha majibu. Leo tungemwita mhariri wa wataalamu wa Ulaya.

Mwaka 1644, katika kitabu chake kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica, alitoa kauli nzito. Alisema kwamba namba za aina hii ni tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba vipeo vingine vyote vilivyo chini ya 257 havitoi namba tasa. Hakuambatanisha uthibitisho wowote. Na asingeweza. Namba inayotokana na kipeo 257 ina tarakimu 78, wakati ambapo yeye mwenyewe aliandika kwamba kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo umri wote wa dunia usingeitosha.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Kauli hiyo ilitolewa na mtu mwenye sifa, aliyezungukwa na wajuzi, naye akaitoa kwa uhakika. Waliofuata wakainakili. Vipeo vya mwanzo vya orodha yake vilikuwa vimekwisha kaguliwa na vilikuwa sahihi. Pietro Cataldi wa Italia alikuwa amechapisha mwaka 1603 hesabu zilizothibitisha kipeo 17 na 19. Usahihi wa sehemu ya kwanza ukawa dhamana ya sehemu ya mwisho. Sisi walimu tunaijua hali hii: mfano mmoja wenye kasoro ukiingia katika kitabu cha sarufi kinachoheshimiwa, utaukuta katika vitabu vingine kumi vilivyokifuata.

Wakaguzi

Ukaguzi wa kauli ya Mersenne ulichukua zaidi ya karne tatu. Zana ya kwanza ilitolewa na Pierre de Fermat katika barua zake za mwaka 1640. Alionyesha kwamba anayetafuta kigawo tasa cha namba ya aina hii hana haja ya kujaribu kila namba. Chukua kipeo, kizidishe kwa 2. Kila kigawo tasa kikigawanywa kwa jibu hilo lazima kiache baki ya 1. Kwa kipeo 11 tunapata 22, na kweli, 23 ni 22 na 1, na 89 ni 22 mara nne na 1. Kwa kipeo 67 tunapata 134. Kwa hiyo vigawo vya M67, kama vipo, vinatafutwa miongoni mwa 135, 269, 403 na kuendelea, kwa hatua za 134.

Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi zake nyingi Urusi na Ujerumani, alitumia zana za namna hiyo na mwaka 1772 akatangaza kwamba kipeo 31 kweli kinatoa namba tasa: 2,147,483,647. Mersenne alikuwa sahihi hapo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu inayotokana na tasa hiyo ya Euler ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu wala hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kwenda mbele zaidi. Tutaona kwamba sehemu zote mbili za utabiri huo hazikusimama.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alileta njia mpya kabisa. Njia yake haikuhitaji kutafuta kigawo hata kimoja. Tuieleze kwa umbo lililosafishwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, na tuijaribu kwa 31, ambayo ni ya kipeo 5. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Izidishe 14 kwa yenyewe, toa 2: unapata 194. Gawanya 194 kwa 31, weka baki tu: ni 8. Izidishe 8 kwa yenyewe, toa 2: unapata 62. Gawanya kwa 31: baki ni sifuri. Tumepata namba nne, yaani pungufu ya kipeo kwa moja, na ya mwisho imeishia sifuri. Hiyo ndiyo alama ya utasa. Baki ikiwa kitu kingine chochote, namba si tasa.

Kwa njia yake Lucas alithibitisha kwamba kipeo 127 kinatoa namba tasa. Namba hiyo ina tarakimu 39, na hadi mwaka 1951 haikupatikana tasa kubwa kuliko hiyo. Kwa njia hiyohiyo alionyesha kwamba M67 si tasa. Mersenne alikuwa amekosea.

Hapa ndipo penye fundisho la pili. Lucas alijua kwamba M67 ina vigawo, lakini hakujua hata kimoja. Ni sawa na mwanaisimu anayethibitisha kwa mabadiliko ya sauti kwamba neno fulani ni la mkopo, ilhali hajajua limetoka lugha gani. Uthibitisho wake ni halali, lakini kazi haijaisha. Kwa miaka 27 M67 ilibaki katika hali hiyo: ilijulikana kuwa si tasa, na hakuna aliyeweza kusema inagawanywa na nini.

Ubao wa Cole

Frank Nelson Cole alizaliwa Marekani mwaka 1861. Alisoma Harvard na Leipzig, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho mjini New York, aliwasilisha makala juu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Makala hayo yalichapishwa Desemba mwaka huohuo. Jibu lake lilikuwa:

193,707,721 mara 761,838,257,287

Inasimuliwa kwamba Cole alipoitwa kuwasilisha alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akachukua chaki, akapiga hesabu ya 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Akasogea upande mwingine wa ubao, akaandika zile namba mbili na kuzizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Majibu ya pande zote mbili yakawa mamoja. Akarudi kuketi, kimya vilevile, na wasikilizaji wakampigia makofi. Hapakuwa na swali hata moja. Baadaye alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu, yaani kama Jumapili 156.

Kwa kuwa sisi ni watu wa fasihi simulizi, hatuna budi kuuliza habari hii ilitufikiaje. Ilienezwa na Eric Temple Bell katika kitabu cha mwaka 1951, karibu miaka 50 baada ya tukio. Mwaka 1903 Bell alikuwa kijana mwanafunzi huko California, upande wa pili wa nchi, hivyo hakuwemo ukumbini. Tena Bell anajulikana kwa kupenda kuzitia chumvi habari za wanahisabati. Kwa upande mwingine, Bell alisoma Columbia na kupata udaktari wake hapo mwaka 1912, naye anasema alimuuliza Cole mwenyewe mwaka 1911. Basi habari ya Jumapili ina msimulizi aliyemfahamu mhusika, na habari ya kimya na makofi ni ya kusikia. Namba zenyewe, hata hivyo, hazihitaji msimulizi. Yeyote mwenye karatasi na subira anaweza kuzizidisha leo na kupata jibu lilelile.

Tena anaweza kuanza na ukaguzi mwepesi wa kutoa tisatisa, unaojulikana tangu enzi za wanahesabu wa Kihindi na Kiarabu. Jumlisha tarakimu za namba ya kwanza: 37. Za namba ya pili: 64. Kila moja ukiigawanya kwa 9 inabakia 1. Kwa hiyo zao lao nalo likigawanywa kwa 9 lazima libakishe 1 mara 1, yaani 1. Tarakimu za M67 zina jumla ya 109, na 109 ikigawanywa kwa 9 inabakia 1. Ukaguzi huu peke yake hauthibitishi usahihi, lakini mara nyingi hufichua kosa.

Ili tupime ukubwa wa kazi ya Cole, turudi kwenye hatua za 134. Kigawo kidogo, 193,707,721, kinapatikana katika hatua ya 1,445,580. Kuna kanuni nyingine inayosema kwamba kila kigawo tasa cha namba hizi kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7, na kanuni hiyo inapunguza majaribio kwa nusu. Hata hivyo yanabaki zaidi ya laki saba. Mtu akitumia dakika tano kwa kila jaribio, na saa nane kila siku, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 20 bila kupumzika hata siku moja. Cole asingeweza kufika kwa nguvu tupu. Alitafuta sifa nyingine ambazo kigawo lazima kiwe nazo, akaondoa kundi baada ya kundi la namba zisizofaa, hadi zikabaki chache za kujaribiwa. Kompyuta ya leo huimaliza kazi hiyo chini ya sekunde moja.

Hesabu ya makosa

Ukaguzi wa orodha nzima ya Mersenne ulikamilika mwaka 1947. Hadi 257 vipo vipeo tasa 55, na Mersenne alikosea katika vitano. Viwili aliviingiza visipostahili, navyo ni 67 na 257. Vitatu aliviacha: 61, 89 na 107. Kipeo 61 kilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa kijijini nchini Urusi. Kipeo 89 na 107 vilithibitishwa na Mmarekani R. E. Powers mwaka 1911 na 1914. Wako waliopendekeza kwamba 67 ni kosa la mpiga chapa, na kwamba Mersenne alikusudia 61. Mwalimu yeyote wa uhakiki wa miswada atalitambua pendekezo la namna hii. Lakini hata tukilikubali, makosa mengine matatu yanabaki palepale.

Kwa utabiri wa Barlow, historia ilikuwa kali zaidi. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiihii yenye kipeo 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320, na ilipatikana kupitia mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao, ulioanza mwaka 1996. Ama kuhusu manufaa, mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea ugumu uleule uliomchukua Cole Jumapili 156: kuzidisha namba mbili tasa ni rahisi, kuzitambua kutokana na zao lake ni shida. Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129 kama changamoto kwa wasomaji wa jarida moja la sayansi. Vigawo vyake vilipatikana mwaka 1994, kwa ushirikiano wa mamia ya watu na kompyuta zao. Mifumo ya namna hiyo imetumika kulinda mawasiliano ya benki na ya intaneti kwa miongo mingi, kwa namba ndefu zaidi.

Lugha yetu ya hesabu

Hadi hapa tumesimulia habari nzima kwa Kiswahili, na maneno hayakutupungukia. Neno tasa linajieleza lenyewe: namba isiyozaliwa na kuzidishana kwa namba nyingine ndogo imepewa sifa ya kiumbe asiyezaa. Warumi waliiita kwa neno lenye maana ya kwanza, na Waarabu vilevile. Kiswahili kimechagua taswira yake chenyewe. Maneno shufwa na witiri, kwa namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, yametoka katika Kiarabu, na msikilizaji wa Sura ya Alfajiri anayajua.

Mfano unaotufaa zaidi darasani ni kigawo na kigawe. Kigawo ni namba inayogawa nyingine bila baki. Kigawe ni namba inayogawanywa. Namba 23 ni kigawo cha 2,047, na 2,047 ni kigawe cha 23. Tofauti ni irabu moja ya mwisho, na irabu hiyo inafanya kazi ileile inayofanya kwingineko. Kiambishi -o huunda nomino za vitendea kazi, kama kizibo, kifuniko na kipimo. Kiambishi -e huunda nomino za kinachotendwa, kama kiumbe aliyeumbwa, mtume aliyetumwa na mteule aliyeteuliwa. Mwalimu wa unyambulishaji anaweza kulitumia jozi hili, na mwalimu wa hesabu akashukuru.

Tatizo lipo katika kuisoma namba yenyewe. Majina yetu ya namba ni historia ya Pwani kwa ufupi: moja, mbili, tatu na kumi ni ya Kibantu, sita, saba, mia na elfu ni ya Kiarabu, laki ilitoka Bara Hindi, milioni ilitoka Ulaya. Hadi hapo tunaelewana, ingawa tunapaswa kuwa waangalifu. Elfu kumi na mbili ni 12,000 au ni 10,002? Msikilizaji hana njia ya kujua isipokuwa kwa muktadha, na ndiyo maana wapo wanaosema kumi na mbili elfu.

Juu ya milioni ndipo tunapoachana. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ambako hesabu zilisomwa kwa Kiingereza, bilioni ni milioni elfu moja, na trilioni ni bilioni elfu moja. Nchini Burundi na Kongo, ambako hesabu zilisomwa kwa Kifaransa, milioni elfu moja ni milliard. Wanyarwanda husema miliyari. Neno la Kifaransa billion, kwa kanuni rasmi ya Ufaransa ya mwaka 1961, ni milioni ya milioni. Uingereza nayo ilikuwa na maana hiyohiyo ya pili katika matumizi ya serikali hadi mwaka 1974, ilipofuata ya Marekani. Kwa hiyo M67 ikisomwa na mwanafunzi wa Kampala kwa desturi ya shule yake, ina bilioni 589 katika kundi lake la nne kutoka kulia. Kwa mwenzake wa Bujumbura anayefuata Kifaransa, bilioni zake ni 952, nazo ni kundi la tano. Wote wawili wamesoma sahihi.

Katika namba ya Cole tofauti hiyo haimdhuru mtu. Lakini wanafunzi wetu hawa ndio watakaotafsiri bajeti, mikataba ya mikopo na taarifa za habari katika jumuiya ambayo Kongo imejiunga nayo mwaka 2022. Mfasiri anayeona billion katika waraka wa Kifaransa na kuandika bilioni, ameipunguza fedha mara elfu moja. Hapana kanuni ya sarufi itakayolifichua kosa hilo. Sentensi yake itakuwa sanifu, ngeli zitakubaliana, na kiasi kitakuwa si chenyewe.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, katika masomo ya tafsiri, milliard ya Kifaransa ifasiriwe bilioni, na billion ya Kifaransa ifasiriwe trilioni, na waraka wowote wa fedha uwekewe tarakimu kamili angalau mara moja. Pili, kusoma namba kubwa kwa sauti lirudi kuwa zoezi la darasani hata katika ngazi ya chuo kikuu, lisiachiwe shule za msingi. Tatu, wanafunzi wapewe kazi ya kukagua kauli moja inayoaminika katika vitabu vyetu: asili ya neno, tarehe ya kitabu, au kanuni ya sarufi inayorudiwa bila mfano.

Ni kweli kwamba kukagua kunachosha, na mara nyingi mkaguzi hatapigiwa makofi. Lakini kauli ya mwaka 1644 haikusahihishwa kwa heshima wala kwa dharau. Ilisahihishwa na watu waliokaa chini na kuhesabu, akiwemo kasisi wa kijijini na profesa aliyetoa Jumapili zake. Kwa wale watakaopenda kuanza leo, zile namba mbili za Cole ziko hapo juu, na kuzizidisha kwa mkono ni kazi ya jioni moja.